Mfupa Ulioota Pajani

Wiki 6 zilizopita nilikuwa nimepiga magoti kando ya uwanja, mafuta ya kuchulia yameshajaa kiganjani, mbele yangu paja la kijana wa miaka 19. Alikuwa amepigwa goti na beki dakika chache kabla. Nyama ya mbele ya paja, katikati hasa, ilikuwa inajaa huku tukiiangalia.

"Kaka, chua kwa nguvu tu. Mimi navumilia."

Mkono ulikuwa umebakiza shibiri moja kufika. Ukasimama hewani.

Sikumchua. Niliyapangusa mafuta kwenye soksi yangu, nikaomba barafu, nikalikunja goti lake taratibu mpaka kisigino kikakaribia kalio, nikalifunga hivyohivyo kwa bendeji. Wenzangu walinitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Mmoja aliuliza kama siku hizi naona kinyaa.

Tangu siku ile jambo hili halijaniacha. Kusita kwenyewe hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba mkono ulikuwa umeshaondoka. Mimi, ninayetembea na kipande cha mfupa ndani ya msuli kwa mwaka wa 4 sasa, niliyejifunza jambo hili kwa maumivu na hofu, bado nikiona paja limevimba kitu cha kwanza kinachonijia ni kulikanda.

## Goti la beki

Langu lilitokea kwenye mechi ya kawaida, isiyo na hata kombe. Niliruka kugombea mpira wa juu, beki akaja kwa kasi, goti lake likatua katikati ya paja langu la kulia, upande wa mbele. Wanaocheza wanaujua mshtuko ule: mguu unakufa ganzi, hata tusi linagoma kutoka. Nikakaa chini, nikamwagiwa maji, nikainuka. Nikacheza dakika 20 zilizobaki.

Dakika 20 zile nimezihesabu mara nyingi mno.

Usiku paja lilikuwa gumu kama gogo. Goti lilikunjika mpaka pale mtu anapokaa kitini, basi, haliendi zaidi. Siku ya pili nilichechemea kwenda kazini. Siku ya tatu akaja mjomba.

Mjomba amechua watu maisha yake yote: vifundo vilivyoteguka, migongo iliyokaza, shingo za waliolala vibaya. Halipwi wala hadai. Alilitazama paja, akalibonyeza hapa na pale, akasema damu imevilia ndani na isipovunjwa itakuwa jiwe. Akaagiza maji ya moto na kitambaa. Kisha akaweka vidole gumba viwili pale palipouma kuliko pote, akaanza kusukuma kwenda juu.

"Vumilia, mjomba. Ikiuma ndiyo inatoka hiyo."

Niliung'ata mto kwa nusu saa. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Kila zamu ilinipa nafuu ya saa mbili tatu, kwa sababu joto hulegeza, na maumivu yanapoacha kuongezwa mtu hudhani anapona. Usiku paja linawaka upya.

Sipendi msomaji amwone mjomba mjinga. Alikuwa na hoja: damu imevilia, uvimbe umekaza, basi uvunje. Tatizo ni kile ambacho kidole hakioni. Siku za mwanzo mishipa midogo iliyopasuka ndiyo kwanza inaziba, na nyuzi za msuli zilizochanika ndiyo kwanza zinatafutana. Ukisukuma hapo unapasua tena. Damu mpya inamwagika, na mwili unapata habari kwamba mahali hapa pana kazi kubwa ya ukarabati.

Na mwili ukiambiwa pana kazi kubwa, wakati mwingine hupeleka mafundi wasiohusika.

## Kifundo

Wiki ya pili rangi zilibadilika kama kawaida: zambarau, kijani, manjano chafu iliyoteremka mpaka karibu na goti. Nikajua napona. Goti nalo lilikuwa limeanza kukunjika kidogo kidogo.

Wiki ya tatu likaanza kurudi nyuma.

Hiyo ndiyo dalili ambayo ningependa mtu aikumbuke. Jeraha la kawaida la msuli, kadiri siku zinavyokwenda, hulainika na kiungo hufunguka. Langu lilikuwa linakaza. Katikati ya paja palikuwa na kifundo chenye joto, urefu wa kidole cha kati, na nikikibonyeza hakibonyei. Kila asubuhi nilipima kwa kuvuta kisigino nyuma, na kila asubuhi kilikuwa mbali zaidi na kalio kuliko jana.

Wiki ya nne nikapigwa eksirei. Mfupa wa paja ulionekana mzima, mweupe, umenyooka. Pembeni yake, ndani ya nyama, palikuwa na kitu kama moshi uliosimama. Wingu jepesi, halina kingo.

Karatasi ya majibu nilikabidhiwa ikiwa ndani ya bahasha. Nikaifungua kwenye ngazi, jambo ambalo simshauri mtu. Mistari mitatu ya maneno ya kitaalamu, kisha sentensi moja niliyoielewa vizuri kabisa: haiwezi kusemwa kwa hakika kwamba si saratani, inashauriwa kuchukua kipande cha nyama kipimwe.

Nilikaa pale kwenye ngazi mpaka mlinzi akaniuliza kama namsubiri mtu.

## Yai

Daktari wa kwanza alitaka kukata kipande wiki ileile. Nilikubali. Nani asingekubali? Nilitaka kujua, na kisu kilionekana ndiyo njia fupi ya kujua.

Kabla ya siku yenyewe, ndugu yangu mmoja alinisukuma nikaonane na daktari mwingine wa mifupa, mama mtu mzima anayeongea polepole. Hakuanza na picha. Alianza na swali.

"Uliumia lini hasa? Nitajie tarehe."

Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole. Siku ya 29. Akaiweka picha kwenye mwanga, akaiangalia kwa muda, kisha akachora yai nyuma ya bahasha yangu.

Uvimbe wa namna hii, akasema, ambao madaktari huuita miositisi osifikansi, hukomaa kuanzia nje kwenda ndani. Pembeni mfupa unakaza kwanza, kama ganda. Katikati panabaki laini kwa muda mrefu, pamejaa seli changa zinazogawanyika kwa fujo. Mtaalamu mmoja aitwaye Ackerman alizieleza tabaka hizo vizuri mwaka 1958. Saratani ya mfupa kwa kawaida hufuata njia ya kinyume: ugumu umejikusanya katikati, pembeni ndiko kwenye vurugu.

"Sasa nikikukata leo," akasema, akaichoma kalamu katikati ya yai, "nikachukua hapa, anayesoma kwenye darubini ataona seli zenye fujo na mfupa mchanga usio na mpangilio. Anaweza kuandika saratani, na hatakuwa mzembe. Zinafanana."

Lile lilinigeuza. Nilikuwa nimeamini kwamba kukata ni kujua na kusubiri ni kubahatisha. Kumbe kwenye tatizo hili, kwa wiki zile za mwanzo, picha mbili zilizopishana siku zinaweza kusema kweli kuliko kipande cha nyama kilichochukuliwa mapema mno. Hata MRI, picha ya sumaku ambayo wote tunaiona ndiyo bosi wa vipimo, katika hatua hiyo inaweza kutisha bure, maana inaonyesha uvimbe na maji pande zote. Kipimo cha CT, eksirei inayopiga mwili vipande vipande, ndicho huliona lile ganda la nje vizuri zaidi, na altrasaundi mikononi mwa anayeijua inaweza kuliona kabla ya eksirei.

Akaniambia turudie picha baada ya wiki 3. Akaniambia pia ni kwa nini anathubutu kusubiri: nilikuwa na tarehe, nilikuwa na pigo, na baina ya lile wingu na mfupa wa paja palikuwa na mstari mwembamba mweusi unaovitenganisha. Ningekuja na uvimbe usio na historia ya kuumia, au maumivu yanayozidi usiku baada ya wiki nyingi, au kitu kinachoendelea kukua wakati kilipaswa kutulia, asingesubiri hata siku moja.

Wiki 3 hizo sitazisimulia. Nililala kidogo, nikala kidogo, na nikawa mkali kwa watu wasio na kosa.

Picha ya pili ilionyesha ganda. Mstari mweupe, mwembamba, umezunguka pande zote, na katikati weusi. Yai kabisa. Sikuwahi kudhani nitafurahi kiasi kile kuambiwa nina mfupa mahali pasipo pake.

## Nilipoacha maziwa

Katikati ya hofu ile nilikuwa nimefanya jambo ambalo leo linanichekesha. Niliacha maziwa. Nikaacha dagaa pia. Niliposikia neno kalsiamu nilipata picha ya mtungi uliojaa mpaka ukamwagikia msulini, nikaona dawa ni kufunga bomba.

Nilimweleza daktari kwa fahari kidogo, kama mgonjwa mwenye bidii. Akanipa karatasi ya damu yangu. Kalsiamu ya kawaida ya mtu mzima ni takribani milimoli 2.2 hadi 2.6 kwa lita. Yangu ilikuwa katikati kabisa.

Asilimia 99 hivi ya kalsiamu ya mwili imo kwenye mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachobaki kinalindwa kwa wivu na tezi 4 ndogo za shingoni, pamoja na figo na vitamini D. Ukila kidogo, mwili hukopa mfupani ili damu isipungukiwe. Ukila zaidi, ziada nyingi haifyonzwi au hutoka na mkojo. Paja langu halikuwa na mfupa kwa sababu ya kikombe cha asubuhi. Lilikuwa na mfupa kwa sababu ya kilichotokea hapo hapo pajani. Nilichokuwa nakifanya ni kuinyima mifupa yangu halali haki yake ili kuikomoa haramu.

Na ile siki? Ndiyo, nilikunywa siki pia. Kuna hadithi zinazosambaa kwamba siki huyeyusha kalsiamu. Ganda la yai kwenye glasi ya siki litayeyuka kweli, mtoto wa shule anaweza kukuonyesha. Lakini ukiimeza siki, damu haigeuki siki. Mwili hauruhusu uchachu wa damu ubadilike hivyo, na ungeruhusu, ingekuwa dharura ya kukimbizwa hospitali, tena meno na mifupa ingetangulia kuyeyuka kabla ya kifundo changu.

Kuna hali nyingine ambapo tatizo huanzia kwenye damu. Figo zikishindwa, fosfati hupanda na chumvi za kalsiamu huanza kutua kwenye nyama na mishipa. Tezi za shingoni zikizidisha kazi, vivyo hivyo. Ndiyo maana damu ilipimwa. Kwangu haikuwa hivyo, na kwa wengi wanaoota mfupa baada ya pigo huwa si hivyo.

## Msuli unajua kujenga mfupa

Hapa ndipo niliposhindwa kuacha kusoma.

Mwaka 1965 daktari mmoja wa Marekani, Marshall Urist, alieleza jambo la ajabu. Alichukua mfupa, akaondoa madini yake kwa asidi ukabaki utando laini, akaupandikiza ndani ya misuli ya wanyama. Msuli ukajenga mfupa mpya. Mfupa wa kweli, wenye uboho ndani. Kumbe kwenye ule utando palikuwa na ujumbe, kundi la protini ambazo baadaye zilipewa jina, na msuli ulipoupokea ulikuwa na seli za kutosha za kuutekeleza.

Maana yake uwezo wa kujenga mfupa umo pajani mwako sasa hivi unaposoma. Unasubiri amri tu. Pigo, damu nyingi iliyovilia na uvimbe mkali vinaweza, kwa baadhi yetu, kutoa amri hiyo. Kwa nini kwa baadhi na si kwa wote? Watu wawili hupigwa goti lilelile, mmoja akapona kwa siku 10.

Jambo lenyewe ni la kale. Fupa maarufu la paja alilolichimbua Eugène Dubois, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, kule Trinil, kisiwani Java, mwaka 1892, lina pande la mfupa lililoota karibu na juu, na wengi walioliangalia wamesema huenda ni ugonjwa huuhuu au ndugu yake. Wajerumani wa karne ya 19 walikuwa na neno maalumu kwa mfupa unaoota kwenye msuli wa bega la askari kwa kugongwa na bunduki kwenye gwaride. Wapanda farasi nao waliota kwenye misuli ya ndani ya mapaja. Na mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1918, daktari wa neva Augusta Dejerine-Klumpke na mwenzake waliwaeleza askari waliopooza kwa majeraha ya uti wa mgongo, wakaota mfupa kwenye nyonga na magoti bila pigo lolote hapo. Kwa hiyo hata neva zinahusika, na hadithi yangu ya goti la beki ni mlango mmoja tu wa nyumba hii.

Chumba cha ndani kabisa ni cha kutisha. Kuna ugonjwa wa kijeni uitwao kwa kifupi FOP, wa mtu 1 hivi katika kila milioni 1 au 2, ambapo jeni moja, ACVR1, linaipokea ile amri hata pasipo sababu. Mabadiliko hayo yaligunduliwa mwaka 2006. Mtoto huzaliwa na vidole gumba vya miguu vifupi vilivyopinda, kisha kila anguko, hata sindano ya msuli, inaweza kuwasha moto unaoacha mfupa. Harry Eastlack, mgonjwa wa FOP aliyefariki mwaka 1973 akiwa hajafikisha 40, mwishoni alikuwa anaweza kusogeza midomo tu. Aliacha usia mifupa yake itumike kwa utafiti. Imesimama hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Mütter, Philadelphia. Mifupa ya kawaida ukiitundika bila waya humwagika chini. Yake imejishikilia yenyewe kwa sehemu kubwa.

Niliitazama picha yake usiku mmoja nikiwa na mkono juu ya paja langu. Kifundo changu kilikuwa kama kokwa la embe. Niliona haya kulalamika.

## Kazi ya kutofanya kitu

Niliporudi na furaha yangu ya picha ya pili, nilitaraji dawa. Daktari aliandika indomethasini, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, kwa muda mfupi, pamoja na ya kulinda tumbo, akaniambia wazi kwamba ushahidi mwingi wa dawa hiyo umetoka kwa waliobadilishiwa nyonga, ambako hutumika kuzuia mfupa usiote. Wengine huko hupigwa dozi moja ndogo ya mionzi. Kwangu ilikuwa ya kujaribu. Mengine yote yalikuwa makatazo.

Usichue. Usiweke moto. Usivutwe na mtu. Hasa hilo la mwisho: asije mtu akalikunja goti kwa nguvu zake. Mimi mwenyewe nilikunje mpaka pale linapoanza kulalamika, nisimame, nirudi. Mara kadhaa kwa siku. Gongo moja mpaka nitembee bila kuchechemea. Kisha kukaza msuli bila kusogeza goti, kisha kuinua mguu, kisha baiskeli isiyo na mzigo.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kuacha mguu wangu. Msuli ukikaza, mkono unauendea wenyewe. Niliwahi kujikuta usingizini nalikanda.

Mwezi wa nne nikachoka. Nikamwambia daktari akitoe tu. Alikataa, na sababu yake sikuipenda kwa sababu ilikuwa nzuri: mfupa ambao haujakomaa ukikatwa, jeraha la kisu lenyewe huwa pigo jipya, na unaweza kurudi mkubwa kuliko wa kwanza. Unasubiriwa mpaka utulie, aghalabu miezi 6 hadi 12 na pengine zaidi, na hata hapo hukatwa ikiwa tu unazuia kiungo, unabana neva au unauma usivumilike. Wengi hawafiki huko. Uvimbe hupungua wenyewe, mwingine huisha.

Langu limepungua. Picha ya mwezi wa 8 ilionyesha kipande cheupe, kingo safi kama za mfupa wowote. Kisigino changu cha kulia kinakosa upana wa vidole viwili kufika kalio. Nachuchumaa, nakimbia, nacheza. Nikikaa kwenye benchi jembamba mbao inakigusa nami nakumbuka.

## Jiwe si moja

Kidogo kuhusu wengine, kwa sababu najua mtu atasoma haya akishika uvimbe wake.

Eksirei inaweza kuonyesha madoa meupe msulini yaliyo na umbo la punje za mchele, mengi, yamelala kufuata nyuzi: huenda ni mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyokufa zamani yakageuka chokaa, na hapo swali la haraka ni kama yako kichwani pia. Makalio ya mtu aliyechomwa sindano nyingi, hasa za kwinini, yanaweza kuwa na vifundo vya namna yake. Watoto wenye dermatomiositisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ngozi na misuli, huweza kuota chokaa chini ya ngozi, na kwao tiba ni kuutuliza ugonjwa wenyewe mapema. Bega linalowaka ghafla usiku mara nyingi ni chokaa kwenye kano. La kushangaza ni kwamba huuma zaidi mwili unapoanza kuifyonza, na huweza kuvutwa kwa sindano ikitoka kama dawa ya meno.

Na chokaa si mfupa. Ile ni chumvi iliyotua kwenye nyama iliyoumia. Huu wangu ni jengo, lina mafundi na mishipa ya damu. Kwenye picha vinaweza kufanana. Tiba zake hazifanani.

## Swali la kijana

Turudi kando ya uwanja. Kwa nini goti lililokunjwa? Msuli wa mbele wa paja ukivutwa hujibana wenyewe, damu inakosa nafasi ya kujaza, na hauponi ukiwa mfupi. Madaktari wa vyuo vya kijeshi vya Marekani ndio waliofanya sana jambo hili: goti kwenye nyuzi 120 mara tu baada ya pigo, kwa saa 24 za kwanza. Kwenye ripoti yao ya 1991 kutoka West Point, majeraha 117 ya paja, karibu 9 katika kila 100 yaliota mfupa. Walioelekea huko zaidi ni waliokuwa wameumia hapo kabla, wenye goti lililojaa maji, wasioweza kukunja kufikia nyuzi 120, na waliochelewa kutibiwa zaidi ya siku 3.

Mara ya kwanza kuisoma orodha hiyo nilijitafuta ndani yake. Goti lililoishia kwenye kiti. Siku ya tatu.

Kijana alilifungua goti kesho yake, kwa siku kadhaa akaweka barafu na kutembea kidogo. Nilimwambia pia, na hili ni muhimu kuliko bendeji, kwamba paja likizidi kukaza saa hadi saa, likiuma kupita kiasi hata mguu ukiwa umetulia, au vidole vikifa ganzi, asingoje mtu yeyote, aende hospitali usiku huohuo. Halikufika huko. Wiki ya tatu alirudi mazoezini. Wiki ya sita, yaani Jumamosi iliyopita, kisigino chake kinagonga kalio.

"Kwa hiyo bendeji yako ilifanya kazi," akaniambia.

Sijui. Huenda angepona hata ningemchua. Wengi huchuliwa na kupona, na ndiyo maana kuchua hakufi.

Kisha akauliza: "Na lako? Ni yule aliyekuchua?"

## Mjomba

Swali hilo niliwahi kumuuliza daktari. Alisema hawezi kujua. Nilicheza dakika 20 na damu inamwagika ndani, nilikaa siku 2 bila barafu, pigo lenyewe lilikuwa kubwa. Vidole vya mjomba vilikuja juu ya hayo yote. Pengine viliongeza. Pengine mfupa ulikuwa umeshapangwa.

Mjomba hajui lolote kuhusu orodha ile ya West Point. Yeye anajua kwamba paja lilikuwa baya, akalichua siku 3, na leo natembea. Kila akija hunishika kile kifundo kwa kidole gumba, anakibonyeza kwa nguvu kama fundi anayekagua ukuta wake, anatikisa kichwa ameridhika. Nimemwacha hivyo miaka 4. Niliona ni heshima. Wiki hizi 6 nimeanza kuona kwamba anachua wengine, na ukimya wangu unawagharimu wao.

Juzi alikuja. Sikumwambia habari za paja langu. Nilimwambia za kijana: kwamba siku za mwanzo, paja likipigwa, siku hizi hawachui wala hawaweki moto, hukunja goti, huweka barafu, husubiri. Nikamweleza kwamba damu ikichokozwa mapema msuli unaweza kuota mfupa. Nilisema "unaweza" mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Alinyamaza. Akavitazama vidole vyake, akavigeuza.

"Siku ngapi wanasubiri?"

"Mpaka uvimbe utulie kabisa, mjomba. Na ukikaza badala ya kulainika, hawaugusi, wanapeleka hospitali."

"Na hili lako?"

Nikasema hili langu lilishatulia zamani.

Akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba juu ya kile kifundo, kama kawaida yake. Safari hii hakubonyeza.